Ukurasa Ambao Haukuwepo

Sauti yake niliitambua kabla ya sura. "Shikamoo Mwalimu," ilisema kutoka mlangoni. Nilikuwa nimeinama kupanga kadi zangu mezani, nikaitikia marahaba kama ninavyoitikia kila siku, halafu mikono ikasimama yenyewe. Nilikuwa katika stoo ya shule moja ya msingi ya pwani, si mbali na Kiswere, kati ya magunia ya mahindi ya uji na madawati yaliyovunjika miguu, kwa kuwa hapo ndipo nilipopewa pa kufanyia kazi. Nimestaafu, lakini walimu wa huku bado huniita niwatazamie watoto wanaoshindwa kusoma. Nakaa na mtoto mmoja mmoja, napima masikio yake na macho yake, natazama anavyosikia sauti zilizo ndani ya neno, kisha nawaambia wakubwa tatizo liko wapi na wafanye nini. Siku hiyo nilikuwa na watoto sita. Wa nne alikuwa Rukia, miaka tisa, darasa la tatu, ameletwa na bibi yake. Nilipoinua uso nikamwona mwanamke wa miaka hamsini hivi, kanga ya rangi ya damu ya mzee, amemshika mjukuu wake begani, ananitazama bila kucheka wala kununa. "Hunijui," alisema. Nilimjua. Alikuwa Zaituni. Nilikuwa nimemwepuka kwa karibu miaka arobaini, na katika mkoa huu, ambamo watu wote hupanda magari yaleyale na kukutana kwenye misiba ileile, kumwepuka mtu miaka arobaini ni kazi inayotaka bidii.

Habari za nilikozaliwa na nani alinisomesha naziacha, hazihusiki na aibu hii. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja, mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, nilipopangiwa shule ya kijiji kimoja bara ya Lindi, upande wa Milola. Nilifika Januari na sanduku la bati na miaka ishirini na miwili, na majivuno ambayo nikiyakumbuka leo nacheka peke yangu. Nilipanga chumba kwa Bi Tabu, mjane mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo la ubao, na ukuta wa udongo ambao haukufika juu kabisa, kwa hiyo kila kilichosemwa uani nilikisikia kama nimekaa nao. Nilijifunza kijiji kupitia juu ya ukuta ule. Asubuhi ilikuwa chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha, mchana ugali na kisamvu kilichotiwa karanga, na msimu ukifika ming'oko, vile vizizi vya porini ambavyo mgeni hukimbilia kuvimeza na mwenyeji huvimenya kwa subira huku akipiga soga. Bi Tabu alinicheka nilivyokuwa nikivila. "Mwalimu, hiyo haitafunwi kama askari yuko zamu," aliniambia. "Menya taratibu, umbea ndio kitoweo chake."

Nilipewa darasa la tatu, watoto hamsini na kitu. Vitabu vya kusomea vilikuwa saba. Ndiyo kusema kila kitabu kilizungukwa na watoto saba au wanane juu ya sakafu, mmoja amekishika, wawili wameegemea mabegani mwake, na waliobaki wamekaa upande wa pili wakiona maandishi juu chini. Nilikuwa nao watoto waliosoma vizuri kabisa kitabu kikiwa kimegeuzwa, ukikiweka sawa wanababaika. Katika hali hiyo tulisoma kwa kuitikia. Mmoja anaanza mstari, wote wanaufuata, mpaka sauti inafika kwa wanawake wanaopura mtama kule kijijini. Watoto wale walitoka chuoni kwa maalimu wa Kurani kila alfajiri, huko nako wameshika sura nzima kwa moyo, kwa hiyo kushika maneno kwa masikio kwao ilikuwa kazi ya kila siku. Sikuona ubaya wake. Mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo.

Aliyeanza mstari alikuwa Zaituni. Alikuwa mkubwa kidogo kuliko wenzake, miaka kumi na mmoja, maana alichelewa kuandikishwa kwa sababu ya kushinda kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, akifukuza ngedere na ndege. Labda ndiko alikopata sauti. Alisimama wima, kitabu amekishika kwa mikono miwili, na akisoma alijua pa kupumua, pa kushusha, na pa kuacha watu wangoje kidogo. Kulikuwa na hadithi ya Bi Mwema na kuku wake aliyeficha mayai. Zaituni akiisoma, hata wale watundu wa nyuma walinyamaza. Mwalimu Mkuu alikuwa akipita dirishani anasimama. Walimu wenzangu wakaanza kuniambia, wewe mgeni una mkono, na mimi nikapokea sifa kama vile nilimzaa mimi.

Ilikuwa mwezi wa tano. Panya waliingia kabatini wakala vitabu viwili, na kimoja cha vilivyobaki kilikuwa kimechanwa karatasi moja katikati, sijui nani aliichukua, huenda ilifungia karanga. Nikampa Zaituni kitabu hicho bila kujua. Akasimama kama kawaida, akaanza hadithi ya Bi Mwema, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake, natazama begani kwake ili nione kama jasho la vidole vyake linaharibu kitabu. Bi Mwema akaamka. Bi Mwema akaenda bandani. Zaituni akafunua. Kitabu kilitoka ukurasa wa kumi na nne kikaenda wa kumi na saba, ambako yule kuku ameshatotoa na vifaranga wamejaa. Zaituni macho yake yako kwenye vifaranga, na mdomo wake unasema: "Bi Mwema akatafuta chini ya kitanda. Hakuna yai. Akatafuta ndani ya kinu. Hakuna yai. Akasema, kuku wangu, umeyaficha wapi mayai yangu?" Alisoma kurasa mbili ambazo hazikuwepo, hakuruka neno, akapumua panapostahili, akafika kwenye vifaranga akaendelea.

Darasa zima halikuona kitu. Nilimwacha amalize. Watoto walipotoka kucheza nikamzuia, nikaandika ubaoni maneno matatu tu: kinu, yai, kuku. Nikamwambia asome. Aliutazama ubao kwa adabu, jinsi mtu anavyomtazama mgeni ambaye hajatambulishwa. Kisha akanitazama mimi, midomo yangu, akingoja nianze. Nikasema, "Haya, soma." Machozi yakamjaa lakini hayakudondoka. "Mwalimu, nikiyatazama hayaniambii kitu," alisema. "Mpaka kwanza niyasikie." Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile kuhusu watoto wa namna hiyo, na nimehudhuria semina za watu wenye digrii, lakini sijasikia aliyelieleza jambo kwa usahihi kuliko alivyolieleza yeye akiwa amesimama mbele ya ubao huku anasugua mguu mmoja juu ya mwingine. Nikamwambia sawa, nenda kacheze. Nikamwambia nitakusaidia. Hilo nililisema kwa moyo safi kabisa, na ningelifanya pengine, kama wiki hiyohiyo isingefika taarifa kwamba mkaguzi anakuja.

Mwalimu mpya wakati ule alikuwa kwenye majaribio. Mpaka upate barua ya kuthibitishwa kazini ulikuwa mtu wa roho mkononi, na ripoti ya mkaguzi ndiyo iliyobeba barua ile. Mwalimu Mkuu aliniita ofisini, kwenye meza yake yenye mguu mmoja uliotegeshwa tofali, akaniambia, "Darasa lako ndilo litafungua. Yule binti asome." Nikasema ndiyo Mwalimu. Ningeweza kusema palepale, Mwalimu Mkuu, yule binti hajui kusoma. Maneno sita. Nimeyahesabu mara nyingi. Badala yake nikajiambia kwamba mkaguzi akishapita nitakaa naye jioni kwa jioni, herufi kwa herufi, hakuna atakayeumia. Jioni ile nikasikia juu ya ukuta mama yake Zaituni amekuja kwa Bi Tabu kuazima mchi. Walikuwa wanatwanga pamoja na kupokezana maneno.

"Kaka yangu amekata shauri," mama yake alisema. Kaka huyo ndiye mjomba wa Zaituni, na kwa watu wale mjomba akisema, baba hana la kuongeza. "Amesema ikiwa mtoto anasoma kama wanavyomsifu, basi aachwe asome mpaka mwisho wa vitabu. Lakini akianguka mtihani wa darasa la nne, harudi shule. Hataki kusikia habari ya kurudia darasa. Atarudi shamba, aingie unyago, asubiri mume kama wenzake."

"Ataanguka vipi na sauti ile?" Bi Tabu akajibu. "Mwalimu wangu huyo humo ndani anamsifu mpaka chakula kinapoa."

Wakacheka wote wawili. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na sahani ya mbaazi mapajani. Nilisikia kila neno, nikajua hasa mtoto yule anasimama juu ya nini, na nikaendelea kula. Sitaki mtu anionee huruma kwa kusema nilikuwa mdogo. Mtu wa miaka ishirini na miwili si mdogo mbele ya mtoto wa miaka kumi na mmoja.

Mkaguzi alikuja na pikipiki, suruali imejaa vumbi mpaka magotini. Kuku wawili walichinjwa, na wali wa nazi ukapikwa nyumbani kwa Mwalimu Mkuu. Darasani kwangu Zaituni akasimama na kitabu kizima, nilichokichagua mwenyewe na kukikagua karatasi kwa karatasi. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala, lakini si kwa dhamiri, ni kwa hofu ya kwamba mkaguzi atamfungulia ukurasa mwingine. Hakumfungulia. Alisikiliza Bi Mwema kutoka mwanzo mpaka vifaranga, akavua miwani, akapiga makofi. Kisha, na hapa ndipo nilipochelewa kabisa, akamgeukia Mwalimu Mkuu akasema mtoto huyu anapotezewa muda darasa la tatu, umri wake mkubwa na uwezo wake mkubwa, arushwe darasa. Muhula wa pili aanzie la nne. "Mwalimu wake unaonaje?" akaniuliza. Zaituni aliniangalia. Hakuwa na hofu usoni, nadhani aliamini kwamba mimi ninalijua jambo na nitalisema. Nikasema, "Anaweza, Mheshimiwa." Karatasi ikaletwa, nikatia sahihi.

Darasa la nne alilifundisha Mwalimu Bakari. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na watoto wengi nyumbani na mtihani mbele yake, na alijivunia kwamba hadanganyiki na mtoto. Kitabu cha darasa la nne kilikuwa kipya, Zaituni hajawahi kusikia hata mstari wake mmoja. Siku ya kwanza Bakari akamsimamisha, ile nyota iliyopigiwa makofi, akampa kitabu asome. Zaituni akanyamaza. Akaambiwa soma, akanyamaza. Darasa lake na langu zilitenganishwa na ukuta kama ule wa Bi Tabu, haufiki juu, kwa hiyo nilisikia. "Ahaa," Bakari alisema, "umeshakuwa mkubwa. Mkaguzi unamsomea, mimi hunisomei." Nikasikia fimbo. Ofisini wakati wa chai alituambia huku anapuliza kikombe: "Yule binti ana kiburi cha ajabu. Anasoma akitaka." Walimu wote wakakubaliana, maana wote walimsikia kwa masikio yao. Angekuwa mtoto aliyejulikana hajui, wangemwita mzito wakamwacha nyuma, na pengine hiyo ingekuwa nafuu. Lakini mtoto aliyesoma mbele ya mkaguzi anawezaje kutojua kusoma? Wakanigeukia mimi nithibitishe. "Eti mwenzetu, si anasoma huyu?" Nikatia sukari kwenye chai yangu. Nilikwisha kutia sukari, nikatia tena. Nikasema, "Labda hajazoea darasa."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila asubuhi, kuanzia mwezi wa saba mpaka wa kumi. Nilifundisha kwa sauti kubwa ili nisisikie. Watoto wangu wa darasa la tatu walidhani nimekuwa mkali.

Alasiri moja alikuja chumbani kwangu na bakuli la ming'oko, ametumwa na mama yake. Alilipokeza kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa hilo, kwa sababu wa kulia ulikuwa umevimba haukunji. Nilimkaribisha kwenye kigoda. Tukamenya. Yeye alimenya kwa meno na mkono mmoja, upesi kuliko mimi. Tulikaa hivyo mpaka bakuli likafika nusu.

"Mwalimu, mwambie Mwalimu Bakari," alisema.

"Nimwambie nini?"

"Kile ulichokiona. Cha kuku."

Nikamuuliza kwa nini hamwambii mwenyewe. Akanishangaa kidogo. "Nikisema mimi, atajua ulikuwa unajua," alisema. "Siku ya mkaguzi. Watakufukuza."

Mtoto alishayapima yote. Alikuwa anachapwa na kunyamaza, na ndani ya kunyamaza kwake alikuwa ananilinda mimi, mtu mzima mwenye cheti. Nilitakiwa nisimame palepale, nivae kanga, niende nyumbani kwa Bakari, ilikuwa nyumba ya nne kutoka kwetu. Nikamwambia, "Jitahidi. Nitazungumza naye." Akasema ahsante Mwalimu. Akamimina iliyobaki kwenye sahani yangu, akachukua bakuli lake tupu akaondoka. Sikuzungumza na Bakari. Nilingoja barua. Kila Ijumaa nilimuuliza Mwalimu Mkuu kama kuna kilichotoka Lindi, na kila alipotikisa kichwa nilijiambia, ikija tu, siku hiyohiyo nitasema. Nilianza kumfundisha herufi jioni, kweli, mara nne au tano. Lakini nilimfundisha kama nilivyofundisha wote, namwandikia na kumtaka aitikie, naye akaitikia vizuri sana, akashika kila nilichosema, na kesho yake ubao ukawa mgeni tena. Nikachoka. Nikaanza kumkasirikia na mimi.

Mtihani ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Nilikuwa mmoja wa wasimamizi. Nilipita kati ya madawati nikasimama kwake. Alikuwa amenakili swali la kwanza, lote, herufi zikiwa na mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote mle ndani, kisha akanakili la pili, kisha la tatu. Mahali pa majibu palikuwa peupe. Hakuinua uso. Matokeo yalipotoka, mjomba wake alikuja shuleni amevaa kanzu, akaongea na Mwalimu Mkuu kwa upole, akashukuru kwa juhudi zetu. Bakari alimwambia, "Mtoto wenu ana akili, mzee, ila kiburi kimemponza." Mjomba akasema basi kiburi hicho tutakitoa nyumbani. Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwao, nasahihisha madaftari. Wiki ya pili barua yangu ikaja. Nimethibitishwa kazini, na chini kulikuwa na maneno ya pongezi kwa umahiri wa kufundisha kusoma. Bi Tabu alinipikia wali. Uani, siku hiyohiyo, zilianza ngoma za unyago, na mwali mmojawapo aliyeingizwa ndani alikuwa Zaituni.

Nikahama mwaka uliofuata, niliomba mwenyewe. Baadaye nikaenda chuo kusomea elimu maalumu, na watu wa ofisini Lindi, siku ya kuniaga nilipostaafu, walisema niliitikia wito. Nikakaa na keki yangu kwenye sahani nikitazama sakafu. Mimi sikuitwa na chochote, nilifukuzwa na sauti ya mtoto. Kila semina ninayohudhuria kuna mwenzangu mmoja husimama akasema kwa uchungu kwamba zamani tuliwachapa watoto hawa kwa sababu hatukujua. Wote hutikisa vichwa, na mimi hutikisa. Ni uongo, kwa upande wangu. Jina la tatizo sikulijua, hilo kweli. Lakini kwamba Zaituni hawezi kusoma na kwamba hakufanya kosa lolote, nilijua tangu mwezi wa tano, na ndilo pekee lililohitajika kujulikana.

Basi pale stooni nilimkaribisha akae juu ya gunia, akakaa, na Rukia akakaa mbele yangu. Nilifanya kazi, maana mikono yangu inajua kazi hata nisipokuwepo. Nikatikisa kopo la maharage nyuma ya sikio la kulia, la kushoto; masikio mazima. Nikampima macho, mazima. Nikampa kitabu cha darasa lake, akasimama, akakishika kwa mikono miwili, akasoma ukurasa mzima kwa sauti inayojua pa kupumua. Kabla sijasema neno, Zaituni akazungumza kutoka kwenye gunia. "Huo kausikia. Mpe ambao hajausikia."

Nina kadi za maneno yasiyo na maana, bune, takomi, lipesa, nilizozitengeneza mwenyewe ili mtoto asiweze kuniponyoka kwa kumbukumbu. Nikamwekea ya kwanza. Rukia akaitazama kwa adabu, kisha akatazama midomo yangu. Nikamwekea ya pili na ya tatu. Zaituni aliinuka akaja kuziangalia kadi zile mezani, akaigusa mojawapo kwa kidole. "Hizi ndizo," alisema. "Hizi hakuna wa kukusomea kwanza." Kisha akauliza, kama anauliza bei ya nazi, "Ulizitengeneza lini?"

"Zamani," nikasema. "Baada yako."

Nikamwomba Rukia akacheze. Nilitaka kusema maneno niliyoyatunga kwa miaka, mazuri, yenye mpangilio. Nilisema tu, "Zaituni, nilijua. Nikanyamaza. Nisamehe." Akaketi tena kwenye gunia lake. Alikunja na kukunjua upindo wa kanga. "Bi Mwema akatafuta chini ya kitanda," alisema taratibu. "Hakuna yai. Akatafuta ndani ya kinu. Hakuna yai. Mpaka leo niko nayo yote, Mwalimu. Watoto wangu wote wamelala kwa kuku huyo." Kisha akasema, "Mimi sikukutaja. Hata siku mjomba aliponiuliza na mkanda mkononi. Nilifikiri utasema mwenyewe, kwa hiyo nikakungoja." Alisema bila kuinua sauti. Kama angenitukana ningejua la kufanya na uso wangu. "Habari ya kusamehe tuiache kwanza," akaendelea. "Huyu mtoto wanamchapa. Twende ukaseme."

Tukaenda ofisini, mimi, yeye na Rukia katikati. Mwalimu Mkuu ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, na mwalimu wa darasa ni binti mwenye haraka, ana watoto themanini na wawili. Aliniwahi kabla sijakaa. "Mwalimu, huyo usipoteze muda wako," alisema, hata hana ubaya. "Ana kiburi tu. Akitaka anasoma." Maneno yaleyale, baada ya maisha mazima, katika ofisi yenye kompyuta. Nikabaki nimesimama. Nikasema: Rukia hajui kusoma. Anashika kwa masikio kile anachosikia, na anashika vizuri kuliko mimi na nyinyi, lakini maandishi hayamwambii kitu. Si kiburi, si uvivu, si mchezo. Nikawaambia la kufanya: aanze na sauti, moja moja, aichore mchangani kwa kidole huku anaitamka, asisomeshwe kwa kuitikia, na kwenye mitihani asomewe maswali ajibu kwa mdomo mpaka hapo atakapoweza. Na fimbo iishe leo. Yule binti mwalimu akaweka kalamu chini. Akamtazama Rukia kama ndiyo kwanza anamwona, akasema, "Kumbe." Mwalimu Mkuu akavuta fomu, akaanza kuandika jina la mtoto.

Nilidhani nimemaliza, nikageuka kutafuta mkoba wangu. Zaituni alikuwa bado amesimama mlangoni.

"Na mimi," alisema. "Sema na yangu."

Mwalimu Mkuu akaacha kuandika, akatutazama kwa zamu, hajui kinachoendelea. Nikapiga moyo konde. Nikasema mbele yao, jina lake lote na la baba yake, shule, darasa, na jina la mwalimu wake, ambalo ni langu. Nikasema Zaituni hakuwa na kiburi. Nikasema hakuweza kusoma na mimi nilijua, nikamsimamisha mbele ya mkaguzi, nikatia sahihi, na alichapwa miezi minne kwa ajili yangu. Wale walimu wawili walikuwa hawajazaliwa mwaka ule, wakasikiliza kwa heshima kama watu wanaosikiliza habari ya msiba wasioujua. Zaituni alisikiliza mpaka neno la mwisho, macho yake kwenye midomo yangu. Kisha akamshika mjukuu wake mkono. "Haya, Rukia," alisema, "umesikia. Twende nyumbani."